Dakika 22 za Shangazi

Simu ya Mama iliingia Jumapili saa mbili na nusu usiku, ndiyo kwanza nimenawa mikono nianze kula. Nyuma ya sauti yake nikausikia ule wimbo alioingilia nao mdogo wangu ukumbini. Ulikuwa unatoka kwenye TV. Nikatabasamu peke yangu. Deki imeikubali CD.

“Hii umeichoma mwenyewe?”

“Mwenyewe, Mama.”

“Hongera, mwanangu. Picha safi kabisa.” Akanyamaza kidogo. “Sasa mbona Shangazi yako hayupo?”

Nikadhani anaulizia aliko. Nikamjibu kwamba saa hizi atakuwa kwake, Mkanyageni.

“Yupo hapa. Kaja na wenzake wanne kujiangalia. Namuulizia yule wa kwenye CD.”

Chakula kikapoa mezani.

## Flashi iliyopanda bodaboda

Nikisema CD nina maana ya DVD. Nyumbani kwetu kila kitu cha duara kinachong’aa ni CD, na sioni sababu ya kuanza kubishana na Mama leo.

Mpiga video wa harusi alitukabidhi flashi. Ndani mlikuwa na mafaili ya MP4, saa 3 na dakika 40 kwa jumla, gigabaiti 30 hivi. Sisi wa Dar tuliyatazama kwenye laptopu, tukakata vipande vya kurusha WhatsApp, yakaisha. Mama yuko Muheza. Ana simu ya kitochi, TV ya chogo ya inchi 21, na deki aliyoinunua enzi zile mtaa mzima unakodi filamu.

Deki hiyo ina tundu la flashi kwa mbele, kwa hiyo nikaona kazi ni ndogo. Flashi ikapanda basi. Ikafika, majina ya mafaili yakajipanga kwenye kioo, mpwa wangu akabonyeza. Giza. Akabonyeza jingine. Giza.

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba MP4 na AVI ni majina ya makopo tu. Kilichomo ndani ni habari nyingine. Ndani ya kopo la harusi yetu picha zilikuwa zimebanwa kwa mtindo wa H.264, na deki ya umri ule inafahamu MPEG-2, na ikijitutumua sana zile MPEG-4 za zamani za akina DivX na Xvid. Haikuwa na kiburi, maskini. Haikusoma hadi huko.

Ningeweza kuyageuza mafaili yawe Xvid, nikayarudisha kwenye flashi ileile. Lakini ilipotafutwa, flashi ilikutwa kwenye redio ya pikipiki ya mpwa wangu, imejaa singeli, harusi yote imefutwa. Nakala ninayo, hilo halikunitia hofu. Ila Mama alikasirika, na katika hasira zile akatoa agizo lililofunga mjadala:

“Nitafutie kitu ambacho hawa watoto hawawezi kuwekea nyimbo.”

DVD-R, yaani DVD tupu ya kujichomea, ikishachomwa na kufungwa haiandikiki tena.

## Sahani nne za jalalani

Kariakoo, kijana wa duka la nne nililoingia aliniuliza kama DVD tupu ni za kuchezea watoto. Akaingia stoo, akarudi na paketi ya kumi imeota vumbi, akaipuliza mbele yangu. Nikanunua na draivu ya nje ya USB, maana laptopu yangu haina mlango wa CD. Zilikuwepo DVD-R na DVD+R. Nikachukua za alama ya kutoa, kwa sababu deki kongwe mara nyingi huzipokea vizuri zaidi. Deki zina tabia ya kuchagua, mnajua.

Ya kwanza niliiharibu kama anavyoiharibu kila mgeni: niliburuta MP4 moja, nikaitupia kwenye sahani, nikachoma. Kwenye laptopu ikacheza. Kwenye deki niliyoazima kwa jirani ili nifanyie majaribio, ikakataa. DVD ya filamu si kabati la kutupia mafaili. Deki inatafuta folda iitwayo VIDEO_TS, na humo inataka ikute VOB, yaani picha na sauti zikiwa zimekatwa vipande visivyozidi gigabaiti 1. IFO, ambayo ni ramani ya kuonyesha kipi kinaanzia wapi. Na BUP, nakala ya ramani hiyo, endapo ya kwanza itachubuka. Picha zenyewe ziwe MPEG-2, na kwetu sisi tulio upande wa PAL, mfumo wa TV wa huku, ziwe za vipimo vya 720 kwa 576, 25 kila sekunde. Sauti iwe ya kilohezi 48. Ukikosea kimoja, deki inanuna.

Programu niliyotumia ni DVDStyler. Ni ya bure, na inageuza, inapanga na kuchoma palepale. Waliozoea kuandika amri wana ffmpeg: ukiiambia tu `-target pal-dvd`, vipimo vyote hivyo inajipangia, halafu dvdauthor inakujengea folda.

Ya pili ilikufa kwa sababu ya mabinamu. Nilichanganya humo vipande vya simu zao, na simu haipigi picha kwa mwendo mmoja. Giza likizidi inapunguza, mwanga ukirudi inaongeza. DVD haitaki mambo hayo. Dakika ya kwanza huoni kitu. Dakika ya kumi MC ameshafunga mdomo na maneno ndiyo yanatoka. Ikabidi nivigeuze kwanza vipande vile, kila kimoja kiwe na picha 25 kamili zisizoyumba, ndipo nikaviingiza.

Ya tatu inaniumiza mpaka leo, kwa vile ndiyo niliyojivunia. Niliitengenezea menyu. Picha ya maharusi nyuma, vitufe vya dhahabu, herufi za mkunjo, saa nzima nachagua rangi. Nikaiweka kwenye TV ya chogo ya jirani: kitufe cha “Anza” hakipo. Zile TV humeza ukingo wa picha pande zote, nami kitufe nilikuwa nimekipeleka pembeni kabisa, chini kulia, mahali ambapo kwenye laptopu palipendeza. Nikiwa nasogeza ndipo nikakumbuka kwamba rimoti ya Mama ilipotea kitambo. Deki yake huendeshwa kwa vitufe vitatu vya mbele: kufungua, kucheza, kuzima. Kile cha kucheza kimetumika hadi alama yake imefutika, ukikigusa unahisi shimo la kidole.

Menyu nikaifuta yote. CD ikiingia, icheze.

Ya nne niliichoma kwa kasi ya juu kabisa kwa sababu nilikuwa na haraka. Ilikwenda vizuri saa nzima na zaidi, halafu ikaanza kukatakata, ikaganda. DVD husomwa kutoka ndani kwenda nje: mwanzo wa filamu uko karibu na lile tundu la katikati, mwisho uko ukingoni, na sahani ya bei chee iliyochomwa mbio huanza kusumbua kwenye ukingo, pale pale tunapozishikia na vidole vya mafuta. Nikashusha kasi hadi 4x, nikawa nakwenda kulala inachoma.

Zikabaki sita.

## Hesabu iliyoniokoa

Paketi imeandikwa GB 4.7. Kompyuta inasema 4.38, kwa kuwa yenyewe inahesabu kwa 1,024 pale mwenye kiwanda anapohesabu kwa 1,000. Hakuna aliyekuibia. Biti, nane kwa kila baiti, ni zilezile, bilioni 37.6.

Harusi ina sekunde 13,200. Gawanya, unapata kama megabiti 2.8 kwa sekunde, picha na sauti pamoja. DVD inaruhusu picha peke yake hadi megabiti 9.8. Nilijaribu kuibana hiyo 2.8, na watu walipoanza kucheza picha ikageuka vigae vya bafuni. Nikaamua sishuki chini ya 5. Kwa 5 sahani inabeba dakika 125.

Kwa hiyo nilitakiwa kutupa dakika 95.

Usiku huo nilifurahia kuliko nilivyotarajia. Msafara wa magari: dakika 20, toa. Watu wakila: dakika 25, toa, sijui wapiga video wanapenda nini kwenye mtu anayetafuna. Foleni ya zawadi: dakika 28, toa, pamoja na yule bwana aliyecheza na jaba la maji kichwani kabla ya kulikabidhi. Nikajumlisha. Zinahitajika dakika 22 tu.

Wosia wa Shangazi kwa maharusi ulikuwa na dakika 22.

Mtaona kama nimetunga. Niliangalia mara mbili. Ilikuwa kama hesabu yenyewe imeniletea jina lake.

Wosia huo ninaukumbuka kutoka ukumbini. Alianza mbali, kwa babu zetu, akaja taratibu. Maikrofoni mara ameila, mara ameishusha tumboni. MC alinyoosha mkono kuichukua mara mbili kwa adabu, na mara zote mbili Shangazi aliihamishia mkono wa pili bila kukatisha sentensi. Meza ya nyuma wakaanza mazungumzo yao. Mimi nilikuwa miongoni mwao.

Nikaweka alama mwanzo, nikaweka alama mwisho, nikafuta. Keki nikaiacha nzima, dakika 11, tangu kisu kinafungwa utepe mpaka mkwe wa mwisho analishwa kipande.

## “Keki imeenea?”

Turudi kwenye simu.

Nilimwambia Mama kwamba nafasi haikutosha. Nilieleza kwa kirefu, nikataja na gigabaiti. Nikamsikia anageuka upande wa pili na kutafsiri kitaalamu kabisa: “Anasema CD ilijaa.”

Ukimya. Halafu sauti ya Shangazi, ya upole, haikuwa imeelekezwa kwangu:

“Haya. Keki imeenea?”

Mama akasema atanipigia kesho.

Hakupiga kesho, wala keshokutwa. Wala hakuwa amenuna. Tulipoongea wiki iliyofuata alizungumzia machungwa na bei ya machungwa. Aliyebaki na neno ni mimi. Nikiwa kwenye daladala linakuja. Nikiwa kazini nimefungua faili lisilohusiana na harusi ya mtu, linakuja. Keki imeenea?

## Nafasi ilikuwepo

Nilianza kutafuta, nadhani, kwa nia ya kuthibitisha kwamba sikuwa na njia nyingine.

Njia ya kwanza niliikuta siku hiyohiyo. DVD haikulazimishi 720 kwa 576. Inakubali pia 352 kwa 576, nusu ya upana, na kwa kipimo hicho zile megabiti 2.8 zinatosha, vigae vinapungua sana. Unapoteza makali ya picha, ndiyo. Kwenye TV ya chogo ya inchi 21, watu wamekaa mkekani hatua tatu kutoka kwenye kioo, makali gani? Zile VCD tulizokulia zilikuwa 352 kwa 288, na picha megabiti 1.15 kwa sekunde, tukalia humo na tukacheka humo.

Njia ya pili ilinitia aibu zaidi, kwa sababu haikuhitaji kutafutwa.

Sahani mbili.

VCD ilibeba saa moja na kidogo, ndiyo maana kila filamu ya utotoni mwetu ilikuwa na CD 1 na CD 2, na Bongo Movie zikaja zikafanya sehemu ya kwanza na ya pili kuwa biashara. Mama amebadilisha CD katikati ya filamu maisha yake yote. Ndiyo muda wake wa kwenda kuongeza kuni. Anayeona sahani mbili ni usumbufu ni mimi, na mimi siitazami kwenye deki. (Zipo pia za tabaka mbili, GB 8.5. Kwa deki ile nisingethubutu.)

Sahani moja tupu ilinigharimu shilingi elfu moja na mia tano. Nilikuwa nazo tano zingine mezani wakati namfuta Shangazi.

Sikumkata kwa sababu ya nafasi. Nilimkata kwa sababu nilichoka kumsikiliza ukumbini, na mashine ikanipa sababu yenye namba.

Hapa ndipo nilipokwama kwa wiki mbili hivi, maana kuna upande wangu ambao bado unajitetea. Saa 3 na dakika 40 za kitu chochote ni adhabu. Kuhariri ni kumheshimu mtazamaji. Hilo nimelisema mahali pengi na bado naliamini. Tatizo ni kwamba nilihariri kwa ajili ya mtazamaji anayefanana na mimi, mtu mwenye simu mkononi ambaye asipovutiwa anaruka mbele kwa kidole. Mkekani kwa Mama hakuna wa kuruka mbele. Watu wametembea kutoka Mkanyageni ili wajione, wamsubiri fulani apite, wamseme, wacheke, wamtaje marehemu aliyekuwa kakaa meza ya pembeni. Kumbe yule mpiga video niliyemcheka alijua kazi yake. Kila anayetafuna ni mtu atakayekuja siku moja kukaa mkekani na kusema, huyo mimi.

## Dakika ya 14

Kurudisha wosia kulikuwa na kazi yake, kwa sababu ya ile maikrofoni. Sauti inapaa, inazama. Nikavaa hedifoni, nikaanza kuisawazisha sentensi kwa sentensi, na huwezi kusawazisha sentensi bila kuisikiliza.

Dakika ya 14, sauti ikiwa chini kabisa, pale ambapo meza ya nyuma tulikuwa tunacheka jambo letu, Shangazi anamwambia mdogo wangu kwamba yeye aliolewa wakati wa vita vya Kagera. Kwamba bwana harusi alipata siku mbili za ruhusa, wakafungishwa ndoa asubuhi, akaondoka. Kwamba hakuna aliyekuwa na kamera. “Mimi ile siku yangu sina hata picha moja,” anasema, kisha anacheka, anahamisha maikrofoni mkono wa pili, na nyuma yake unauona mkono wa MC ukirudi ulikotoka.

Nikapandisha sauti hapo. Nilipandisha mara tatu kabla sijaridhika.

Baada ya hapo sikutaka ubingwa tena. Watu wanaokula niliwarudisha. Foleni ya zawadi niliirudisha, na jaba lake. Magari siyarudishi, hilo nitalitetea mbele ya ukoo. Zikabaki dakika 200, nikazigawa mia kwa mia, kila sahani ikapata zaidi ya megabiti 6, picha nzuri kuliko ile ya kwanza niliyosifiwa.

Mpangilio wa ukumbini ulikuwa keki kwanza, wosia baadaye. Niliugeuza. Sahani ya pili nikaianzisha na Shangazi, akae ndani kabisa karibu na tundu. Keki nikaipeleka mwisho, ukingoni. Nikachoma kwa 4x, programu ikahakiki, nikaandika kwa makapeni HARUSI 1 na HARUSI 2, nikazifunga kwenye kanga na kuzikabidhi kwa konda wa basi la Tanga pale Mbezi.

Jumamosi usiku simu ikaita.

“Zimefika. Ila hii ya pili imegoma mwishoni.”

“Imegomea wapi?”

“Kwenye keki. Kisu kimeinuliwa, hakishuki.”

“Na Shangazi?”

“Shangazi yako amesema yote.” Nyuma yake nikaisikia ile sauti tena, ikipaa, sasa haizami. “Ngoja, usikate. Wanairudisha tena mwanzo.”